Doa la mvinyo mwekundu kwenye nguo: namna ya kulitoa, kuanzia dakika ya kwanza hadi pasi

Mvinyo mwekundu ukimwagika kwenye shati jeupe, watu wengi hukimbilia bombani na kipande cha sabuni ya mche. Sabuni ikigusa doa tu, wekundu unageuka mbele ya macho: kwanza zambarau, halafu bluu iliyofifia, mwisho kijivu kama maji ya wino. Mwenye nguo anashtuka, anafikicha kwa nguvu zaidi, na doa lililokuwa na ukubwa wa sarafu linakuwa kama kiganja.

Nguo hiyo bado inaokoleka. Ila ukielewa kwa nini rangi imegeuka, hutaanza na sabuni ya mche tena, na hatua zote zilizo hapa chini zitakuwa na maana kwako.

Ndani ya doa mna nini

Rangi ya mvinyo mwekundu inatoka kwenye ganda la zabibu. Wataalamu huiita anthosayanini, na ni jamii ileile ya rangi iliyomo kwenye zambarau, komamanga na juisi ya rosela, ile wengine wanayoiita choya. Kwa hiyo mwongozo huu unafaa kwa madoa hayo pia. (Haufai kwa utomvu wa ndizi wala maji ya mabibo, hayo ni mambo mengine kabisa.)

Rangi hii ina sifa mbili za kukumbuka. Inayeyuka kwenye maji, na hiyo ni bahati yako. Halafu inabadilika kulingana na uchachu. Mvinyo ni mchachu, na ndani ya uchachu rangi inabaki nyekundu na inaendelea kuyeyuka vizuri. Sabuni ya mche, magadi na sabuni nyingi za unga ziko upande wa pili, upande wa alkali, na huko rangi inageuka bluu au kijani chafu. Ukitaka kuona kwa macho, dondosha tone la mvinyo kwenye sahani nyeupe, kisha gusisha maji ya magadi. Litageuka papo hapo. Ongeza siki haraka, na wekundu unarudi. Vivyo hivyo kwenye nguo: kama umeshapaka sabuni na doa limekuwa kijivu, suuza sabuni yote, dondoshea siki nyeupe, kisha uanze upya kwa utaratibu.

Pamoja na rangi kuna tanini, kitu kilekile kinachokausha ulimi ukinywa chai ya rangi nzito. Tanini inashikamana na nyuzi za pamba, sufu na hariri, na kadiri inavyokaa hewani inageuka kahawia. Sabuni halisi, yaani ile inayopikwa kwa mafuta na magadi makali, ina tabia ya kuifanya tanini ing'ang'anie. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo haina tabia hiyo, ndiyo maana sisi tunaitumia yenyewe mpaka rangi itoke.

Kuna na sukari. Mvinyo mtamu, kama ile mitamu ya Dodoma inayonywewa sana kwenye harusi, huacha sukari isiyoonekana nguo ikikauka. Pasi ikipita juu yake, sukari inaungua na kuwa doa la njano au kahawia. Hata mvinyo mweupe hufanya hivyo. Usidanganyike kwamba hauna rangi: usuuze siku hiyohiyo.

Dakika kumi za kwanza

Chukua kitambaa safi cheupe au karatasi za tishu zisizo na rangi. Gandamiza juu ya doa, inua, geuza upande mkavu, gandamiza tena. Usisugue hata kidogo. Kusugua kunasukuma rangi ndani ya uzi na kuitawanya pembeni, na kwenye hariri au satini kunachakaza uso wa kitambaa kiasi kwamba hata doa likitoka, pale mahali patabaki na ukungu usiong'aa. Endelea mpaka tishu itoke na wekundu hafifu sana. Ukifanya hivi vizuri, sehemu kubwa ya mvinyo itakuwa imeshatoka kabla hujagusa maji.

Kama uko ukumbini na huwezi kuvua nguo, weka tishu iliyokunjwa upande wa ndani, kati ya nguo na ngozi, kisha lowesha doa kwa maji baridi ya chupa kidogo kidogo na kugandamiza kwa nje. Maji ya gesi yasiyo na sukari yanafaa pia. Soda yenye sukari haifai, hata kama ni nyeupe.

Chumvi ni dawa maarufu, nayo ina kazi moja tu: kunyonya maji ya mvinyo ambayo bado ni mabichi. Mwaga ya kutosha kufunika doa, iache dakika 5 hadi ikageuke waridi, ikung'ute. Unga wa mahindi unafanya kazi hiyohiyo. Rangi iliyokwisha kushika uzi haitolewi na chumvi, na doa likishakauka chumvi haina msaada wowote. Ushauri wa kumwagia mvinyo mweupe juu ya mwekundu hatuukubali. Kinachosaidia pale ni umajimaji wake tu, na maji ya bomba yanafanya hivyo bila kuongeza sukari nyingine kwenye nguo.

Nguo ikivuliwa, igeuze ndani nje. Shika sehemu yenye doa chini ya bomba la maji baridi ili maji yaingie kwa nyuma na kutokea mbele. Ukimimina kwa mbele, unaisukuma rangi ipite unene wote wa kitambaa. Iache chini ya maji dakika 3 hadi 5, mpaka maji yanayotoka yawe meupe kabisa.

Ijue nguo kabla ya kushika dawa

Angalia kitambulisho kilichoshonwa kwenye mshono wa ndani. Nguo nyingi za mitumba zimekatwa kitambulisho, na za fundi hazina kabisa. Hapo toa uzi mmoja kwenye mshono au pindo, ushike kwa kibano juu ya sinki na uuchome. Pamba na kitani hunuka kama karatasi inayoungua na huacha jivu laini. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake ni jeusi, linasagika kwa vidole. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Hakikisha uzi unatoka kwenye kitambaa chenyewe, kwa sababu uzi wa kushonea mara nyingi ni poliesta hata kama nguo ni pamba tupu.

Kwa nguo ya rangi, jaribu kila dawa upande wa ndani wa pindo: dondosha, subiri dakika 15, kisha gandamiza kwa kitambaa cheupe. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, au sehemu hiyo ikipauka, dawa hiyo si ya nguo hiyo. Batiki na baadhi ya vikoi huchuja rangi hata kwa maji ya uvuguvugu tu, basi usiruke jaribio hili.

Shati, kanzu, shuka na vitambaa vya meza vyeupe vya pamba

Hapa ndipo una uhuru mkubwa zaidi, kwa sababu pamba nyeupe inavumilia karibu kila kitu.

Utahitaji siki nyeupe, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo (bora isiyo na rangi), na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kuoshea vidonda inayouzwa famasi kwenye chupa ya kahawia. Wasusi na saluni hutumia ya asilimia 6. Hiyo changanya na maji kiasi sawa upate 3. Za asilimia 9 na 12 usizilete karibu na nguo wala ngozi yako.

Peroksaidi hupoteza nguvu kwa mwanga na kwa kukaa muda mrefu ikiwa imefunguliwa. Dondoshea kwenye kipande cha kiazi mviringo kibichi kilichokatwa. Ikitoa povu kwa haraka, bado ni hai. Ikikaa kimya kama maji, imeshakuwa maji.

1. Baada ya kusuuza kwa maji baridi, changanya siki kijiko 1 cha chakula, sabuni ya maji kijiko 1 cha chai na maji baridi nusu kikombe. Mwagia kwenye doa, gandamiza kwa vidole, acha dakika 10. Suuza kwa nyuma kama mwanzo. Doa bichi la nusu saa mara nyingi huishia hapa.

2. Likibaki, suuza siki yote. Changanya peroksaidi vijiko 2 vya chakula na sabuni ya maji kijiko 1. Changanya unapotaka kutumia, usihifadhi kwenye chupa iliyofungwa, kwa sababu gesi inayotoka itaipasua.

3. Tandaza nguo juu ya taulo jeupe la zamani, ukitenganisha mbele na mgongo wa nguo kwa mfuko wa plastiki. Mwagia mchanganyiko mpaka doa lote lilowe, pamoja na sentimita 1 kuzunguka. Funika kwa plastiki ili usikauke. Dawa hii inafanya kazi ikiwa mbichi tu, ikikauka imesimama.

4. Acha dakika 30, kisha angalia. Utaona zambarau imekuwa waridi, au waridi imekuwa njano nyepesi. Hiyo njano ni tanini, nayo inafuata nyuma. Mwagia mchanganyiko mpya, rudia hadi mara 3.

5. Suuza sana, kisha fua kama kawaida kwa sabuni ya unga. Sasa alkali haina madhara, kwa kuwa rangi imeshavunjwa.

Kabla ya kumwaga peroksaidi, kagua vifungo, zipu na pini. Chuma chenye kutu kikikutana na peroksaidi kinaifanya iwe kali ghafla pale kilipo, na matokeo yake ni tundu dogo ambalo hutaliona mpaka nguo ikishafuliwa. Kama doa liko karibu na kishikizo cha chuma, kifumue kwanza.

Kwa shuka au kitambaa cha meza chenye madoa mengi, kuloweka ni rahisi kuliko kudondoshea. Tumia unga wa kutoa madoa wenye oksijeni, kama Vanish na mifano yake. Kitendaji chake ni sodiamu pakaboneti. Yeyusha kwanza vijiko 2 vya chakula kwenye maji ya moto kidogo, kisha ongeza ifike lita 4 za maji ambayo mkono unavumilia, kama nyuzi 40 hadi 50. Yakiwa baridi unga hauamki. Loweka saa 1 hadi 6. Zaidi ya hapo nguvu imeshaisha, unaloweka nguo kwenye maji ya magadi. Beseni liwe la plastiki. Sufuria ya alumini italika na kuacha weusi kwenye nguo. Mwanzoni madoa yatageuka bluu au kijani, maana unga huu ni alkali. Subiri tu, oksijeni itayafikia.

Jua nalo ni dawa. Pamba nyeupe iliyobaki na kivuli cha waridi, ianike juani ikiwa bado imelowa, doa likitazama juu, na kila ikikauka irushie maji tena. Mchana mmoja wa jua kali unamaliza kivuli ambacho dawa ilikiacha. Hii ni kwa nyeupe peke yake.

Maji nayo yanachangia. Kisima chenye chuma, kile kinachoacha rangi ya kutu kwenye ndoo, kinachosha peroksaidi na kupaka nguo umanjano. Kisima chenye chumvi, kama vingi vya pwani, hakikubali povu. Kwa suuzo la mwisho tafuta maji ya mvua au ya bomba.

Kuhusu jiki: inaweza kutoa kivuli cha mwisho kwenye pamba tupu nyeupe, kijiko 1 cha chakula kwa lita 2 za maji baridi, dakika 5, na kusuuza mara 3. Sisi tunaiweka mwisho kabisa kwa sababu inakula uzi kila inapotumika, na inageuza njano nguo yenye mpira wa kunyumbuka ndani yake. Hariri na sufu inaziyeyusha. Na kamwe isikutane na siki, ndimu, peroksaidi au dawa yenye amonia. Jiki na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha inachoma mapafu. Kama umeanza na siki, basi suuza mpaka harufu iishe kabisa kabla hujagusa jiki.

Kitenge, khanga, kikoi na pamba ya rangi

Hatua ya siki na sabuni ya maji inafaa kwa karibu zote zilizopita jaribio la pindo. Rudia mara 3 au 4 badala ya kurukia dawa kali. Unga wa oksijeni unakubalika kwa rangi zilizoshika vizuri, lakini loweka nguo nzima. Ukitia dawa mahali pamoja kwenye khanga nyekundu au nyeusi, utapata doa jipya la kupauka, na hilo halina dawa. Kwenye rangi nzito, kivuli hafifu cha mvinyo hakionekani hata kidogo kulinganisha na mpauko. Jua wakati wa kuacha.

Gauni la harusi la satini, lesi na nguo za poliesta

Poliesta hainywi mvinyo kama pamba. Unakaa juu juu, kwa hiyo kugandamiza haraka kunatoa sehemu kubwa zaidi. Tabu yake ni duara la maji: unatoa doa, nguo inakauka, na pembeni pake panabaki mstari kama ramani ya ziwa. Duara hilo ni mabaki ya sukari, vumbi na dawa yaliyosukumwa mpaka ukingo wa unyevu. Fanya kazi kutoka pembeni kwenda katikati, kisha suuza eneo pana kuliko doa, ikiwezekana tabaka lote la sketi mpaka mshono.

Dawa nzuri hapa ni spiriti nyeupe ya hospitali isiyo na rangi (ile ya bluu inaweza kupaka), sehemu 1 kwa siki sehemu 1. Lowesha pamba, gandamiza, badilisha pamba kila ikipata rangi. Fanya kazi mbali na jiko na mshumaa, dirisha likiwa wazi. Shanga na vipuli vilivyogundishwa kwa gundi vinaweza kubanduka kwa spiriti. Kama doa liko chini yake, tumia siki na sabuni ya maji tu. Lesi nyeupe ya poliesta inavumilia peroksaidi, dakika 15 kwa awamu.

Hariri, sufu na suti

Maji baridi, siki na upole. Changanya siki sehemu 1 na maji sehemu 3, dondoshea, gandamiza, dakika 5, suuza kwa maji ya baridi ileile. Kubadilisha ghafla kutoka baridi kwenda moto kunaisinyaza sufu. Unga wa oksijeni, magadi na sabuni ya unga usivitumie, kwa sababu alkali inaumiza nyuzi za mnyama. Sabuni yenye vimeng'enya vya kutoa damu na jasho nayo ikae mbali. Vimeng'enya hivyo vinakula protini, na hariri ni protini. Kivuli kikibaki kwenye hariri nyeupe, peroksaidi ya asilimia 3 iliyoongezwa maji kiasi sawa, dakika 10, baada ya kujaribu pindoni.

Koti la suti lina kitambaa cha kugandisha ndani ya kifua, na likilowa sana linaweza kutokeza malengelenge yasiyonyooka tena. Gandamiza tu kwa kitambaa chenye unyevu, kisha lipeleke kwa dobi mwenye mashine ya kusafisha bila maji siku hiyohiyo au kesho yake. Mwambie waziwazi ni mvinyo na lini umemwagika, na umwonyeshe mahali. Dawa inayosafisha bila maji inatoa mafuta, haitoi mvinyo. Lazima ashughulikie doa kwa mkono kwanza, naye hawezi kufanya hivyo kama hajaambiwa.

Doa la wiki iliyopita

Tanini imekauka, hivyo ilainishe kwanza. Glisarini ya kawaida ya kupaka ngozi, isiyotiwa rangi wala manukato, ipashe kwa kuweka chupa kwenye maji ya moto. Paka, acha saa 1 nzima, suuza kwa maji ya uvuguvugu. Kisha endelea na hatua za kitambaa chako tangu mwanzo, ukitarajia awamu mbili zaidi. Likiwa limeshapigwa pasi au limepita kwenye mashine ya kukausha kwa moto, pamba nyeupe bado ina nafasi kwa kuloweka kwenye unga wa oksijeni siku mbili au tatu, maji na unga mpya kila siku. Hariri iliyopigwa pasi juu ya mvinyo, kwa kweli, mara nyingi haitoki.

Vitambaa vya altare vinastahili neno lake. Kwa desturi ya Kanisa Katoliki, suuzo la kwanza hufanywa peke yake na maji yake humwagwa kwenye sakrario (sinki maalumu la kanisa ambalo maji yake huenda moja kwa moja ardhini) au ardhini, kabla ya kufua. Suuzo hilo la maji baridi matupu, bila sabuni, ndilo hasa doa la divai linalohitaji. Vitambaa hivi kwa kawaida ni vya kitani cheupe, kwa hiyo baadaye fuata njia ya pamba, ila kitani kikiwa kimelowa usikikamue kwa kusokota. Kunjo zake hukata uzi.

Kabla ya pasi

Nguo ikauke kivulini kwanza, isipokuwa nyeupe za pamba. Kisha ipeleke mlangoni, kwenye mwanga wa mchana, uinamishe huku na huku. Taa ya umeme ya njano inaficha waridi hafifu na inaficha njano kabisa. Pitisha kidole: pakiwa pagumu au pananata kidogo kuliko jirani yake, sukari ipo, rudisha kwenye maji. Pakiwa laini na hapana kivuli, piga pasi kwa ndani, ukianzia na joto la chini. Kwa pasi ya mkaa, ijaribu kwanza kwenye kitambaa kingine, maana haina namna ya kupunguza joto ikishapamba moto.